Eldoret na safari ya kutoka maporomoko hadi ajaili

Wengi wetu tunaoandika programu tumejifunza ajaili mtandaoni, somo baada ya somo. Ni jambo jema. Lakini ukisikiliza masomo hayo utadhani historia yote ilitokea Marekani na Japani. Leo tuitazame tukiwa Eldoret.

Mwaka 1970 Winston Royce alichora hatua za kuunda programu zikifuatana: mahitaji, uchambuzi, usanifu, kodi, majaribio, matumizi. Mtindo huo ukaja kuitwa maporomoko, kwani maji hayapandi mlima. Royce mwenyewe alionya kwamba kuufuata hivyo tu ni hatari, maana makosa hugunduliwa mwishoni, fedha zikiwa zimekwisha. Watu waliuchukua mchoro, onyo wakaliacha.

Mwaka 1986 Takeuchi na Nonaka waliufananisha utaratibu wa namna hiyo na mbio za kupokezana vijiti. Wao walipendekeza raga: timu nzima isonge pamoja ikipasiana mpira. Ndipo lilipotoka jina skramu. Hatimaye, Februari 2001, watu 17 walikutana Snowbird, Utah, wakaandika ilani ya ajaili.

Sasa linganisha tarehe. Februari hiyo hiyo ya 2001, kituo cha afya cha Mosoriot, kwenye barabara ya Eldoret kwenda Kapsabet, kilianza kutumia mfumo wa kompyuta wa kumbukumbu za wagonjwa. Ulikuwa mdogo: fomu moja ya karatasi kwa kila mgonjwa badala ya madaftari mengi, na hifadhidata ya Microsoft Access. Katika miezi 6 ziliingizwa ziara 10,000 za wagonjwa 6,190. Muda wa ziara ulipungua kwa asilimia 22.

Hawakungoja mfumo kamili wa hospitali zote. Walianza na kituo kimoja, wakapima, wakajifunza. Hiyo ndiyo ajaili, hata kama hakuna aliyeitaja kwa jina.

Kisha kazi ikawa nzito. Mpango wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na Chuo Kikuu cha Indiana, ulianza kutibu watu wenye virusi vya UKIMWI. Wagonjwa waliongezeka haraka, dawa zikabadilika, na madaktari wakahitaji kuuliza maswali mapya kwenye fomu. Access ikaelemewa. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Indiana walifika Eldoret, na kutokana na hali waliyoikuta ikazaliwa OpenMRS, programu huria iliyoanza kazi Eldoret mwaka 2006.

Siri yake ni kamusi ya dhana. Kila swali na kila jibu ni dhana iliyosajiliwa humo. Daktari akitaka swali jipya, unaongeza dhana. Huvunji majedwali ya hifadhidata. Kwa mtindo wa maporomoko, mahitaji yangefungwa kwanza, na mgonjwa angesubiri toleo lijalo. Hapa mabadiliko yalitarajiwa tangu siku ya kwanza.

Masomo ya mtandaoni yalikuja baadaye. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo Kenya ilitegemea setilaiti, na kutazama video ilikuwa anasa. Mwaka 2010 Schwaber na Sutherland walitoa bure mwongozo wa skramu, na mwaka 2012 Coursera ikafunguliwa. Kijana wa Eldoret akaweza kusoma yale yale yanayosomwa California.

Faida ya masomo hayo ni kukupa majina na nidhamu: mizunguko mifupi, orodha ya kazi yenye vipaumbele, kikao cha kujitathmini. Lakini cheti hakikuonyeshi karani wa kituo anavyohangaika na skrini yako. Tena ajaili si kukosa mpango. Mfadhili bado atadai bajeti, na ana haki.

Kwa hiyo, msomaji, ukimaliza kozi yako, chagua sehemu ndogo kabisa ya mradi, impelekee mtumiaji wiki hii, kisha ukae umtazame akiitumia. Mosoriot walianza na fomu moja tu.