Mali Bila Daftari: Ndege Tulizozihesabu Tabora

Ndugu wanafunzi wenzangu wa zamani, wahariri wa jarida letu wameniomba niandike habari ya historia. Mimi si mwanahistoria. Ni mtumishi wa Serikali ambaye kazi yake ya kila siku ni majalada. Lakini majalada yamenifunza jambo moja, nami nitalieleza kwa kisa cha kiwanja cha ndege cha Tabora.

Wale mliokuwa nasi kati ya mwaka 1993 na 1996 mtakumbuka jinsi kiwanja kile kilivyokuwa kimya. Njia ya kurukia ilikuwa ya changarawe. Jumamosi za ruhusa, wenzetu walipokwenda sokoni au stesheni kutazama garimoshi la Kigoma, mimi na mwenzangu mmoja wa bweni tulikwenda kukaa chini ya mwembe kando ya kiwanja, tukingojea ndege.

Kubwa tuliyoizoea ilikuwa Fokker F27 ya Shirika la Ndege la Tanzania. Ndege hizo zilibuniwa Uholanzi, na ya kwanza iliruka mwaka 1955. Mabawa yake yalikuwa juu ya kiwiliwili, hivyo pangaboi zake mbili zilikaa mbali na mawe. Ndiyo maana ilifaa viwanja kama chetu. Mluzi wa injini ulitufikia kabla ya ndege yenyewe kuonekana, na ilipotua, sare zetu nyeupe zilibadilika rangi kwa vumbi.

Nyuma ya daftari langu la hesabu niliandika tarehe, saa, rangi, na herufi za ubavuni. 5H ilikuwa Tanzania, 5Y Kenya, 5X Uganda, 9Q Zaire. Herufi hizo zilitufunza historia. East African Airways iliundwa mwaka 1946 ikavunjika mwaka 1977, mwaka ule ule Jumuiya ilipovunjika na shirika letu likaanzishwa. Lakini hata wakati wa umoja, ndege za shirika lile ziligawanywa: nyingine 5H, nyingine 5X, nyingine 5Y. Shirika lilikuwa moja, ila kila ndege ilikuwa na kwao.

Sasa niingie katika kisa chenyewe. Mwaka 1996, tukiwa kidato cha nne, ilitua ndege ndogo nyeupe yenye herufi 9Q. Wakashuka watu watatu, hawana mizigo, mmoja akiwa amefungwa bendeji mkononi. Niliandika herufi na saa, kisha tukakimbilia chakula cha mchana. Hatukumwuliza mtu lolote.

Katika mkutano wetu uliopita tulibishana juu ya siku ile. Mimi nasema ilikuwa karibu na mtihani wa mwisho. Mwenzangu anasema ilikuwa wakati wa mtihani wa majaribio, miezi kadhaa kabla. Msidhani ni ubishi wa wazee. Oktoba 1996 vita viliwaka mashariki ya Zaire, Uvira ikatekwa, na maelfu ya wakimbizi wakavuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma. Kama nakumbuka sawasawa, huenda tuliona watu waliokimbia vita. Kama amekumbuka yeye, basi walikuwa wageni tu. Tarehe moja ingetosha kuamua.

Tarehe hiyo niliiandika. Lakini nilipomaliza shule niliacha daftari nyumbani, na shangazi yangu, aliyekuwa akiuza karanga, alifungia karanga kurasa zake. Simlaumu. Sikumwambia kwamba lina thamani, kwa kuwa mwenyewe sikujua.

Leo kiwanja kina lami, na ndege za Bombardier Q400, ambazo Serikali ilianza kuzinunua mwaka 2016, zimetua pale bila vumbi. Kijana akiambiwa habari ya changarawe hucheka.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu: fungueni matranka yenu. Daftari, barua, picha, hata ratiba ya zamu za bweni, vileteni maktaba ya shule kabla havijafika kwa wauza karanga. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na ndivyo ilivyo kwa historia.

Mwenzangu ameahidi kulitafuta daftari lake, maana kila Jumamosi jioni alikuwa akinakili langu. Likipatikana, na ikaonekana kwamba yeye ndiye aliyekumbuka vizuri, nitakiri katika kurasa hizi hizi.