Nusu Iliyoachwa ya Ibn Khaldun

Njia ya wazo ninayoifuata inaanzia kwenye ngome ya Qal'at Ibn Salama, karibu na mji wa Frenda nchini Algeria. Mwaka 1375 alikimbilia humo mtu aliyechoshwa na siasa. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alikuwa na miaka 43. Alikwisha kuwatumikia masultani wa Fes na Granada, na gereza la Fes lilimlaza karibu miaka miwili. Mwaka 1377, kwa miezi mitano tu, aliandika ngomeni rasimu ya kitabu chake, Muqaddima.

Alitaka kujua kwa nini dola huinuka na kuanguka. Jibu lake ni asabia, yaani mshikamano wa watu walio tayari kufa kwa ajili ya wenzao. Wenye asabia hutoka jangwani wakauteka mji, mji ukawalainisha, mjukuu akaisahau shida iliyomkomaza babu. Vizazi vitatu, miaka 120 hivi, zamu imekwisha. Na neno dola, tulilolirithi kutoka Kiarabu, asili yake ni hiyo zamu.

Mwaka 1401 njia inafika Damascus, mji uliozingirwa na mtekaji Timur. Ibn Khaldun, sasa mzee aliyewahi kuwa kadhi mkuu wa Kimaliki jijini Cairo, aliteremshwa ukutani kwa kamba akaonane na mshindi. Alimweleza kwamba hakuna ufalme bila asabia. Timur akamwagiza amwandikie habari za nchi za Maghreb.

Kisha Washington, Oktoba 1981. Akitetea sera ya kupunguza kodi, Rais Ronald Reagan aliwakumbusha waandishi wa habari maneno ya Ibn Khaldun: dola changa hutoza kidogo ikapata kingi, dola kongwe hutoza kingi ikapata kidogo.

Ni kweli Ibn Khaldun aliyasema. Lakini alieleza pia sababu. Kodi ya dola changa ni ndogo kwa kuwa wakubwa wake wanaishi kwa kiasi. Anasa na gharama za jeshi zikipanda, kodi hupanda. Kodi zisipotosha, mtawala huingia sokoni kushindana na raia wake. Marekani ya Reagan ilipunguza kodi huku bajeti ya jeshi ikivimba, na deni la taifa likakua.

Timur alichukua habari za nchi, Reagan akachukua kodi. Sharti la kiasi, linalomgusa mtawala mwenyewe, wote wawili waliliacha kitabuni.