Mikono Isiyolipwa: Reli ya Talyllyn na Somo Lake kwa Kanisa

Katika pwani ya magharibi ya Wales, nchini Uingereza, upo mji mdogo uitwao Tywyn. Hapo huanzia reli ya Talyllyn, inayopanda bonde kuelekea milimani kwa umbali wa kilomita kama 12. Ni reli nyembamba. Kati ya chuma na chuma kuna sentimita 69 tu, wakati reli ya kati ya Tanzania ina upana wa mita moja. Hata hivyo, reli hii ndogo ina sifa moja ambayo reli kubwa hazina: ndiyo ya kwanza duniani kuokolewa na kuendeshwa na watu wa kujitolea. Nimeona vema tuitafakari historia yake, kwa maana kanisa nalo huishi kwa mikono isiyolipwa.

Reli hiyo ilijengwa mwaka 1865 ili kuteremsha mawe bapa ya kuezekea nyumba kutoka machimbo ya Bryn Eglwys. Stesheni ya Tywyn ilikuwa gati la nchi kavu, mahali pa kuhamishia mawe kutoka mabehewa madogo kwenda kwenye treni za reli kuu. Abiria walianza kubebwa mwaka 1866. Mwaka 1911 machimbo na reli vilinunuliwa na Henry Haydn Jones, mbunge wa eneo hilo, ambaye baadaye aliitwa Sir Haydn.

Mwishoni mwa mwaka 1946 sehemu ya machimbo iliporomoka, yakafungwa. Kazi iliyoizaa reli ikawa imekufa. Mwaka 1948 serikali ilitaifisha reli nyingi za nchi, lakini Talyllyn haikuwamo. Sir Haydn alikuwa ameahidi kwamba treni itaendelea kutembea maadamu yeye yu hai, na alitimiza neno lake ingawa haikumpa faida. Mataruma yalikuwa yameoza, na kuna mahali ambapo ni nyasi na mizizi yake tu iliyozuia reli zisitawanyike. Sir Haydn alifariki Julai 1950. Kwa hesabu ya kawaida, hapo ndipo hadithi ingekoma: vyuma viuzwe kwa uzito, stesheni iachiwe popo na magugu.

Mtu mmoja hakukubali. L. T. C. Rolt, mwandishi aliyesomea ufundi wa mitambo, aliitisha mkutano katika hoteli moja ya Birmingham, Oktoba 1950. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa kawaida, wenye kazi zao mbali na pale, wanaweza kuungana, kuchanga fedha, na kutoa likizo zao ili reli iendelee. Ilikuwa hoja ngeni. Reli ni kazi ya hatari, yenye moto, mvuke na maisha ya abiria. Wengi waliona si kitu cha kuachiwa watu wa kuja na kuondoka. Lakini chama kikaundwa, na mjane wa Sir Haydn akakubali kukikabidhi reli. Mei 14, 1951 treni ya kwanza chini ya chama hicho iliondoka Tywyn, ikaenda hadi kituo cha Rhydyronen tu, umbali mfupi. Injini iliyokuwa na nguvu ya kufanya kazi ilikuwa moja, Dolgoch, iliyoundwa mwaka 1866. Mwaka huohuo wakanunua injini nyingine mbili za reli jirani iliyokufa, kila moja kwa pauni 25.

Tukisoma habari hizi huwa tunamwona Rolt peke yake. Lakini mkutano mmoja hauwezi kutunza stesheni kwa miaka zaidi ya sabini. Stesheni hutunzwa na anayekwangua rangi iliyochakaa na kupaka mpya kabla ya mvua, anayezibua mifereji ya paa, anayekata magugu, anayekata tiketi, anayeosha vikombe vya chai, na anayekaa hadi treni ya mwisho irudi ndipo afunge mlango. Kazi hizi hazina sherehe, na zikifanywa vizuri hakuna anayeziona. Zisipofanywa kwa misimu miwili tu, kila mtu ataona.

Kati ya waliokuja kujitolea miaka hiyo ya mwanzo alikuwamo kasisi wa Kianglikana, Wilbert Awdry, ambaye tayari alikuwa ameandika vitabu vya watoto kuhusu injini zenye sura na tabia. Mwaka 1952 alifika Talyllyn na kutumika kama gadi, yule anayepunga bendera na kupuliza filimbi ili treni iondoke. Siku moja aliiruhusu treni kabla mama muuza chai na vitafunio hajapanda, wakamwacha kituoni! Kisa hicho akakigeuza kuwa hadithi ya watoto. Mimi hupendezwa kwamba kasisi huyo, mtu wa mimbari, alikubali kuwekwa chini ya ratiba ya wengine na kujifunza kazi isiyo yake. Kuna wakati mchungaji naye anahitaji kushika bendera ya mwenzake.

Bonde hilo si geni kabisa kwetu. Kwenye kijiji cha Llanfihangel-y-Pennant, si mbali na mwisho wa reli hiyo, alizaliwa Mary Jones, binti wa familia maskini. Mwaka 1800, baada ya kuweka akiba senti kwa senti kwa miaka sita, alitembea zaidi ya kilomita 40 hadi Bala kutafuta Biblia ya lugha yake. Kisa chake kilihesabiwa kati ya mambo yaliyochochea kuundwa kwa Chama cha Biblia mjini London mwaka 1804, na chama hichohicho ndicho kilichochapisha Biblia nzima ya Kiswahili mwaka 1891. Mary alifariki mwaka 1864, wakati reli ikiwa karibu kuanza kazi. Hakujua kwamba senti zake zingegusa hata ibada zetu. Mtu wa kujitolea mara nyingi haoni mwisho wa kazi yake.

Msomaji anaweza kuuliza: je, ni halali Mkristo kutumia Jumamosi zake kwa stesheni kuukuu, na huku wapo wenye njaa? Swali hili ni zito, wala tusilipuuze. Yapo makanisa yaliyopenda kuta zake kuliko watu wake, na kitu cha kale chaweza kugeuka sanamu. Ila Talyllyn haikuokolewa kwa kuwekwa ndani ya kioo. Iliokolewa kwa kuendelea kubeba watu. Kijana hujifunza ufundi kwa mzee, mgeni hupokelewa, na aliyestaafu hupata tena mahali anaposubiriwa. Hicho ndicho kipimo cha haki: kitu tulichorithi kitunzwe ili kiendelee kuhudumia, na kisipohudumia tena tujiulize tunakitunzia nini.

Nehemia sura ya 3 ni orodha ndefu ya majina, nasi huiruka tunaposoma. Lakini tazama ni nani waliojenga ukuta wa Yerusalemu: wafua dhahabu, watengeneza manukato, wafanya biashara, na mkuu mmoja pamoja na binti zake. Wengi hawakuwa waashi. Kila mmoja alipewa kipande, wengine mbele ya nyumba zao wenyewe. Na orodha hiyo haikuficha kwamba wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao kwa kazi. Walikuwa na cheo, lakini kumbukumbu iliyobaki juu yao ni kwamba hawakushika tofali.

Mwaka 2021 UNESCO iliingiza maeneo ya mawe ya kaskazini-magharibi mwa Wales, pamoja na reli ya Talyllyn, katika orodha ya urithi wa dunia. Heshima hiyo ilikuja miaka sabini baada ya treni ile fupi ya 1951. Ilitanguliwa na maelfu ya Jumamosi zisizo na heshima yoyote.

Ndugu msomaji, kila usharika una stesheni yake: paa linalovuja, daftari za ubatizo zinazoliwa na mchwa, kengele iliyolegea, makaburi ya waliotuletea Injili yaliyofunikwa na majani. Tumezoea kungoja mfadhili au kamati. Huenda anayengojwa ni wewe, na unachotakiwa kuleta ni fyekeo na saa mbili. Ukifika utakuta mwenzako ameshaanza. Muulize kipande chako ni kipi.