Mpaka wa Songwe na dada yake bibi

Wadau, juzi nilikuwa Tukuyu kwa bibi. Mvua kama kawaida yake. Tukiwa jikoni tukagusia vibali vya ukaazi, bibi akacheka: "Mjukuu wangu, yule dada yangu, mtoto wa mama mdogo, yuko Karonga. Akitaka kuja kuishi nami, naye aombe kibali?"

Ndiyo, bibi, aombe. Julai 1, 1890 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mjini Berlin kwamba mto Songwe uwe mpaka. Mnyakyusa hakuulizwa, wala Mngonde wa ng'ambo, ingawa hao wawili wanaelewana bila mkalimani.

Ikaja Desemba 9, 1961. Kwa wenyeji wengi sheria ilikuwa fupi: umezaliwa Tanganyika, na angalau mzazi wako mmoja naye kazaliwa humu, basi wewe ni raia. Ukoo na lugha havikuhesabiwa. Wa Karonga akabaki mgeni, na kwa sheria ya 1995 akitaka uraia wa kuandikishwa lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo, na kabla ya hapo jumla ya miaka 7 katika 10.

Kichekesho ni kwamba Songwe wenyewe hautulii! Ukifurika kule Kyela (zamani ilikuwa Rungwe hiyo hiyo) huhama njia, na shamba lililolala Tanzania likaamkia upande wa Malawi.

Bibi hana cheti cha kuzaliwa. Mama yake naye alitoka Karonga. Baba alikuwa wa hapa hapa Rungwe, na huyo mmoja alitosha.