Ada ya Mja Hunena: Fani ya Ushahidi na Swala la Uwajibikaji katika Pwani ya Kilifi

1.0 Utangulizi

Mhakiki wa fasihi simulizi huanza kazi yake kwa kuuliza ni nani asimuliaye, kwa hadhira ipi, na kwa idhini ya nani. Maswali hayo yanafaa pia kuulizwa kuhusu nyaraka za sheria, kwani nazo zina wasimulizi wake, hadhira yake na fani yake. Makala haya yanachunguza nyaraka kadhaa zilizoamua historia ya ukanda wa Kilifi, tangu mwaka 1907 hadi 2016, kwa kuitazama Junju, kata ya Kilifi Kusini iliyo jirani na mji wa Takaungu na mashamba ya mkonge ya Vipingo. Hoja inayotetewa ni kwamba kila waraka uliamua ni nani atakayesikilizwa kabla haujapima haki yenyewe. Kwa hiyo, uwajibikaji ulikwama katika fani ya ushahidi hata kabla ya kufika kwa hakimu.

Methali ya Kiswahili yasema: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo. Kwa kawaida methali hii hufunzwa kama sifa ya utendaji. Hata hivyo, sauti iliyomo ni ya muungwana. Mja amepewa maneno, kisha maneno yake yakashushwa thamani. Mgawanyo huo wa usemi ndio unaojitokeza katika nyaraka zinazojadiliwa hapa.

2.0 Fidia ya Mwaka 1907

Baada ya Mazrui kupoteza utawala wa Mombasa mikononi mwa Seyyid Said mwaka 1837, tawi lao moja lilihamia Takaungu. Katika karne hiyo Takaungu, kama Malindi, iliishi kwa kilimo cha nafaka kilichotegemea jasho la watumwa. Waliotoroka walijenga makao yao bara. Fuladoyo ni mfano mashuhuri. Wengine walipokelewa na jamii za Wamijikenda.

Serikali ya Kiingereza iliondoa hadhi ya kisheria ya utumwa katika pwani hii mwaka 1907. Sheria hiyo iliweka utaratibu wa fidia, na fidia ilikuwa ya bwana. Bwana ndiye aliyeitwa aeleze alichopoteza, na maelezo yake yakahesabiwa kwa fedha. Aliyepoteza nasaba, jina na miaka ya uhai wake hakuwekewa utaratibu wa kudai. Mtumwa aliingia katika waraka huo kama mali iliyopungua. Hapa, basi, mja hakupewa hata ile ada ya kunena.

3.0 Hati na Faini: 1908 na 1914

Mwaka uliofuata ilitungwa Sheria ya Hatimiliki za Ardhi. Kila mdai wa ardhi ya ukanda wa pwani alitakiwa ajitokeze mbele ya afisa na kuthibitisha dai lake. Ardhi isiyodaiwa ilihesabiwa kuwa ya Ufalme wa Uingereza. Fani hii ilimfaa mtu mmoja mwenye karatasi. Haikumfaa mzee wa ukoo ambaye ushahidi wake ulikuwa makaburi, miembe ya mipaka iliyopandwa kwa maafikiano, na kumbukumbu za kaya. Wamijikenda waliodai walikuwa wachache mno. Kimya chao kikasomwa kuwa ungamo la kutomiliki, nao wajukuu wao wakaja kuitwa maskwota.

Mwaka 1913 Wagiriama walikataa kodi, kazi za mashambani na amri ya kuhama ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Mekatilili wa Menza alikusanya watu kwa ngoma ya kifudu na viapo. Yeye na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa na kupelekwa Kisii, wakatoroka mwaka 1914. Agosti mwaka huo Kaya Fungo ililipuliwa kwa baruti. Vita vilipokwisha, waliochomewa nyumba na kuuawa jamaa ndio waliotozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe wapagazi 1,000. Mwaka 1907 aliyetenda alilipwa. Mwaka 1914 aliyetendewa alilipa.

4.0 Saa ya Tume

Oktoba 1963, kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa, Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte wa Unguja walibadilishana barua kuhusu mwambao. Miongoni mwa ahadi zake ilikuwa kwamba hatimiliki zilizokwisha kusajiliwa zitaendelea kutambuliwa. Matokeo ya mwaka 1908 yakawa sehemu ya uhuru.

Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2008, ilipewa kipindi cha kuanzia tarehe 12 Desemba 1963 hadi 28 Februari 2008. Ni haki kukiri kwamba Tume ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000, ikasikiliza watu wa Pwani, na kueleza ukoloni katika ripoti yake ya Mei 2013. Lakini katika mpangilio huo ukoloni ulikuwa usuli wa kisa; makosa ya kujibiwa yalianza baada ya barua za Oktoba. Sura ya ardhi yenyewe ilizusha mfarakano, makamishna watatu wa kigeni wakiyapinga mabadiliko yaliyofanywa ndani yake.

Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya dola na kutangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Miaka iliyofuata ripoti haikutekelezwa. Methali sasa imepinduka: dola, iliyodai uungwana, ndiyo iliyobaki na ada ya kunena.

5.0 Hitimisho

Marekebisho ya sheria za ardhi ya mwaka 2016 yalirudisha saa nyuma hadi tarehe 15 Juni 1895, yakiiruhusu Tume ya Taifa ya Ardhi kupokea madai ya dhuluma za kihistoria. Mlango huo, hata hivyo, uliwekewa miaka mitano tu, ukafungwa 2021. Dhuluma ya karne nzima ilipewa muda usiotosha mtoto kuingia darasa la kwanza.

Mwenye kovu, wahenga walisema, usidhani kapoa. Kwa Junju na jirani zake, haki ya mpito haitaanza kwa kuunda tume nyingine pekee. Itaanza pale kaburi, mwembe na simulizi ya kaya vitakapokubaliwa kuwa ushahidi sawa na karatasi, na pale kizazi cha mtumwa kitakapoulizwa swali ambalo mwaka 1907 liliulizwa kwa bwana peke yake: ulipoteza nini?