Leseni Iliyokwisha Muda na Mamlaka ya Kinidhamu ya Bodi ya Famasi ya California

Je, mfamasia ambaye leseni yake imekwisha muda anaweza kuitwa mbele ya bodi iliyompa leseni hiyo? Katika jimbo la California, nchini Marekani, ambako Bodi ya Famasi ilianzishwa mwaka 1891, jibu limebadilika kadiri sheria ilivyobadilika.

Kifungu cha 118 cha Sheria ya Biashara na Taaluma ya jimbo hilo kinahifadhi mamlaka ya bodi baada ya leseni kwisha muda, lakini katika kipindi ambacho leseni bado inaweza kuhuishwa. Kwa mfamasia, Kifungu cha 4402 kinaweka ukomo wa miaka 3, kisha leseni hufutika kwa nguvu ya sheria. Vikisomwa pamoja, vifungu hivi viliacha mwanya: mtuhumiwa angeweza kuacha kuhuisha leseni yake na kusubiri ifutike.

Kifungu cha 4300.1, kilichoanza kutumika mwaka 2012, kiliziba mwanya huo. Leseni ikiisha muda, ikifutwa au ikisalimishwa kwa hiari, bodi bado inaweza kuchunguza na kuamua.

Makala haya yanadai kwamba mabadiliko hayo yalihamisha msingi wa mamlaka kutoka uhai wa leseni hadi mwenendo wa aliyeishika. Asiye na leseni hana cha kunyang'anywa. Kinachobaki ni kumbukumbu rasmi ya kosa, ambayo bodi ya jimbo jingine huweza kuizingatia anapoomba leseni huko. Bila kumbukumbu hiyo, wagonjwa wa huko wangempokea kama mtu asiye na doa.