Akaunti ya Benki Ugenini: Mambo ya Kujua kwa Anayefanya Kazi Oman na Ghuba

Jamaa zetu wanaokuja Oman na nchi jirani za Ghuba kutoka Tanzania, Kenya, Burundi na Kongo huuliza maswali yale yale. Akaunti hufunguliwaje? Nani mwenye haki ya kushika kadi? Fedha zitumwe nyumbani kwa njia gani? Na mtu akifariki, fedha zake huenda wapi? Mimi nilikuwa karani wa hesabu mjini Ruwi hadi nilipostaafu, na sehemu ya kazi yangu ilikuwa kuwajazia wafanyakazi wageni fomu za benki. Walimu wangu wa shule ya misheni walitufundisha kuandika kila jambo mahali pake, basi nami nitafuata mpango huo.

Fedha yenyewe

Benki ya kwanza ilifungua mlango Maskati mwaka 1948. Siku zile watu walitumia rupia na reale za Maria Theresa, zile zile walizozijua mababu zetu wa Unguja na Mombasa. Riali Saidi ilitolewa mwaka 1970, na Benki Kuu ya Oman ikaanza kazi mwaka 1975.

Riali moja ina baisa 1,000, kwa hiyo baada ya nukta huandikwa tarakimu tatu. Ukiona 10.500 kwenye risiti, hizo ni riali kumi na baisa mia tano, si elfu kumi na mia tano. Dinari za Kuwait na Bahrain nazo zina fils 1,000. Dirhamu ya Falme za Kiarabu na riali za Saudia na Qatar zina tarakimu mbili tu baada ya nukta. Mgeni asome vizuri kabla ya kutia sahihi.

Kufungua akaunti

Kwa kawaida benki itakutaka pasipoti, kadi ya ukaazi (wenyewe twaiita bataka), namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, na barua ya tajiri wako inayotaja kazi na mshahara. Aliyekuja kwa viza ya matembezi kwa kawaida hapati akaunti. Mke aliyekuja kwa viza ya mumewe anaweza kufungua ya kwake. Benki nyingi humtaka alete barua ya mume au nakala ya bataka ya mume. Nawaomba akina mama wasilipuuze jambo hili. Sababu yake mtaiona mwishoni.

Angalia jina. Sisi watu wa pwani tuna Salim na Salum, Khamis na Hamisi, na mtu huyo huyo huwa na majina matatu kwenye pasipoti na mawili kwenye akaunti ya nyumbani. Kwa jirani hilo si neno, lakini benki huona watu wawili. Fedha nyingi nilizoona zikirudishwa zilirudi kwa sababu ya herufi moja ya jina. Tumia jina lililo kwenye pasipoti, na nyumbani nako utumie hilo hilo.

Fomu itakuuliza pia kama wewe ni mlipa kodi wa nchi nyingine. Nchi hupashana habari za akaunti za wageni, na wenye uraia wa Marekani huulizwa zaidi kwa sababu ya sheria ya nchi hiyo ya mwaka 2010. Jibu kweli.

Kabla ya kuondoka dirishani uliza mambo matatu: salio la chini ni kiasi gani, ada hukatwa lini, na kama akaunti ina riba. Asiyetaka riba anazo benki za Kiislamu. Dubai ilikuwa na benki ya namna hiyo tangu 1975, na Oman iliziruhusu mwaka 2012.

Bataka ikiisha muda, benki yaweza kuizuia kadi yako hata kama mshahara umeingia. Ukishaihuisha, peleka nakala mpya benki bila kungoja kuitwa.

Kadi na namba ya siri

Akaunti iliyofunguliwa kwa jina lako ni yako. Tajiri wako ana haki ya kujua namba ya akaunti ili akulipe, lakini hana haki ya kushika kadi yako wala kujua namba ya siri. Nayasema haya hasa kwa mabinti zetu wanaofanya kazi za nyumbani. Wako wanaoambiwa, "Kadi nitakutunzia mimi," na mwisho wa mkataba hesabu haikamiliki. Falme za Kiarabu zilianzisha mwaka 2009 mfumo wa kulipa mishahara kupitia benki, Saudia ikafuata mwaka 2013 na Qatar mwaka 2015, ili pawepo ushahidi kwamba mfanyakazi kalipwa. Kadi ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, ushahidi ule unakugeukia: karatasi itasema umelipwa na umetoa fedha.

Usimwazime mtu akaunti yako, hata akiwa mtu wa kwenu. Atakayekuambia, "Pokea fedha hizi, unipe, nawe ubaki na kidogo," anatafuta mtu wa kubeba kosa lake. Polisi huanza na mwenye jina. Na ile namba inayoingia kwenye simu unapolipa kitu usimtajie mtu yeyote. Benki haiulizi namba hiyo kwa simu.

Kutuma nyumbani

Kupokea fedha Oman kutoka nje hutumiwa IBAN. Ya Oman ina herufi na tarakimu 23: OM, tarakimu mbili za ukaguzi, tatu za benki, kisha kumi na sita za akaunti. Ya Falme za Kiarabu nayo ni 23, ikianza na AE. Tanzania na Kenya hazitumii IBAN. Huko utahitaji jina la mpokeaji, namba ya akaunti, jina la benki na tawi, na namba ya SWIFT ya benki, yenye herufi 8 au 11.

Maduka ya kubadilisha fedha mara nyingi hutuma upesi, na mengine hufikisha mpaka kwenye simu ya mpokeaji. Lakini usitazame ada peke yake. Riali ya Oman imefungwa kwa dola, na tangu 1986 riali moja ni kama dola 2.60. Kwa hiyo unaweza kulikagua duka. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, dola moja ni shilingi 2,500 za Tanzania. Riali 100 ni dola 260, yaani shilingi 650,000. Duka likikupa shilingi 6,350 kwa riali, zitafika 635,000. Zile 15,000 ni faida ya duka, zaidi ya riali mbili, nayo ada haijahesabiwa. Duka linalotangaza "bila ada" huenda likawa ghali kuliko jirani yake.

Hawala ya mtu binafsi asiye na leseni iepuke. Neno hilo tumelirithi kwa wazee na lilikuwa neno la uaminifu, lakini leo fedha ikipotea humo huna risiti ya kupeleka popote, na mwenye kuifanya bila kibali anavunja sheria.

Mkopo, hundi na kuondoka

Mwenye mshahara hupigiwa simu na benki kumkopesha. Kabla ya kukubali ujue kwamba mkopo umefungwa na mshahara. Ukiacha kazi, benki yaweza kuzuia malipo yako ya mwisho mpaka deni lijulikane litalipwaje, na mwenye kudaiwa huweza kuzuiwa kusafiri kwa amri ya mahakama. Hundi nayo usiitoe kama huna fedha. Falme za Kiarabu zililegeza adhabu ya jinai kwa hundi nyingi zisizo na fedha kuanzia Januari 2022, lakini mwenye kuishika aweza kukupeleka moja kwa moja kwenye utekelezaji wa mahakama.

Unapoondoka moja kwa moja, funga akaunti na kadi zote kabla viza haijafutwa, ukachukue barua ya kutodaiwa. Akaunti iliyoachwa na riali tano hukatwa ada mpaka ikawa deni, na deni dogo laweza kumsumbua mtu siku anapotaka kurudi.

Mtu akifariki

Hapa ndipo familia nyingi huumia. Benki ikipata habari ya kifo, huizuia akaunti. Katika akaunti ya watu wawili, sehemu ya marehemu huzuiwa pia mpaka warithi wajulikane. Uwakala alioutoa marehemu hufa pamoja naye. Kutoa fedha kwa kadi yake baada ya kifo, hata kwa ajili ya sanda, kwaweza kuhesabiwa kosa, maana mali sasa ni ya warithi wote.

Warithi watahitaji hati ya kifo na hati ya mahakama inayowataja. Wakiwa nyumbani, hati hiyo hutoka kwa kadhi au mahakama inayohusika, kisha hutafsiriwa kwa Kiarabu na kuthibitishwa na wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Kazi hiyo ni ya miezi, si ya siku. Namjua mjane ambaye mumewe aliacha fedha za kutosha, lakini zote zilikuwa kwa jina la mume. Kodi ya nyumba na karo za watoto zililipwa kwa mchango wa majirani hadi hati zikatimia.

Kwa hiyo mke awe na akaunti yake yenye matumizi ya miezi mitatu au minne. Mume aandike wosia na kusajili ndoa na vyeti vya watoto ubalozini. Na kila nyumba iwe na daftari moja lenye majina ya benki, namba za akaunti, madeni, na mahali hati zilipo. Namba za siri zisiandikwe humo. Daftari hilo mke na mume wote wajue liko wapi, na liangaliwe upya kila bataka inapohuishwa.